Ordinatere moja, sistemu mbili: tusitupe masini zetu juu ya Windows 10

Mshika mbili moja humponyoka, wazee walisema. Kila mara vijana wetu wa enformatiki wanapozungumza juu ya kuweka sistemu mbili ndani ya ordinatere moja, hakukosi mtu wa kuleta methali hiyo. "Chagua moja! Windows ama Linux. Utaharibu masini bure!"

Ndugu wasomaji, methali hiyo ni ya kweli kwa mambo mengi. Kwa jambo hili, hapana. Katika inchi yetu, ambako ordinatere nyingi ni za okazioni na mega zinauzwa bei kali, kuweka Windows na Linux kwa masini moja si mchezo wa wataalamu. Ni njia ya mtu wa kawaida kulinda kazi yake na makuta yake. Shule, biro na wauzaji wa ordinatere wangepaswa kuifanya desturi. Nitaeleza juu ya nini.

Mlango uliofungwa

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni Microsoft ilifunga mlango wa Windows 10, sistemu iliyotoka mwezi wa saba 2015. Kufunga mlango si kusema masini zilizimika siku ile. Asubuhi yake ziliwaka kama kawaida, na hata leo zinawaka. Kilichokwisha ni matengenezo ya usalama. Kila mwezi kampuni ilikuwa inaziba matundu ambamo wezi na virusi wanaweza kupita. Sasa matundu mapya yanaendelea kuonekana, lakini fundi wa kuyaziba amekwenda zake. Watu binafsi wanaojiandikisha wamepewa mwaka mmoja wa nyongeza, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kisha basi.

"Si upandishe Windows 11?" Ingekuwa vizuri. Lakini Windows 11 ni mgeni mwenye kuchagua nyumba. Inataka kumbukumbu ya Giga 4, disiki ya Giga 64, kile kichipi cha usalama wanachoita TPM 2.0, tena prosesere iliyo kwenye orodha yake. Kwa Intel, orodha hiyo karibu yote inaanza kwa kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017. Sasa tembea kwa maduka ya okazioni, Lubumbashi, Bukavu, Goma ama Kisangani, angalia ile karatasi ndogo iliyobandikwa kwa masini. Utaona kizazi cha 4, cha 5, cha 6. Ni masini zilizomaliza kazi katika biro za Ulaya, zikapita Dubai ama kwingine, zikafika kwetu. Bado zina nguvu, kibodi ni nzima, skrini ni safi. Lakini Windows 11 inazikataa mlangoni.

Njia tatu mbaya

Mbele ya mlango huo, watu wetu wanachukua njia tatu.

Ya kwanza ni ya mwenye makuta. "Papa, hii masini imezeeka, iuze ununue ingine." Kwa mwalimu anayengoja mshahara, ama mwanafunzi ambaye hata minervali haijaisha kulipwa, hilo si shauri, ni dharau. Tena tufikiri kidogo sisi wenyewe wa Katanga. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na kobalti inaingia katika batri nyingi za ordinatere. Udongo wetu umechimbwa ili masini itengenezwe. Masini ikatumika Ulaya, ikarudi kwetu ya okazioni, na sasa tunaambiwa tuitupe juu ya sistemu tu, wakati chuma chenyewe ni kizima. Tutaitupa wapi? Pembeni ya barabara, ambako watoto wataichoma ili watoe shaba.

Njia ya pili ni krake. Kijana wa kwenye kona anakuwekea Windows 11 kwa nguvu, kufuli imevunjwa, kwa dola chache. Inawaka, unafurahi. Lakini Microsoft yenyewe imesema kwamba masini isiyo kwenye orodha haina haki ya kudai matengenezo. Na ile programu iliyovunja kufuli ilitoka kwa nani? Mtu anayekupa kitu cha wizi bure, mara nyingi amekwisha kujilipa mahali usipomuona.

Njia ya tatu ndiyo ya wengi: kubaki kwa Windows 10 na kuendelea kama hakuna kitu. Nendeni katika zile sekretaria za kupigisha mashini na kufotokopisha, mbele ya iniversite ama ya meri. Kle moja inapita kwa ordinatere kumi kwa siku. Nani hajapata ile virusi inayoficha dosie zote na kukuachia "raccourci" tu? Mwanafunzi anafungua kle yake usiku wa kuamkia kutetea kazi yake ya mwisho, anaona vishale vidogo badala ya kurasa zake. Kwa masini isiyozibwa matundu tena, mambo hayo yataongezeka. Na siku hizi ndani ya ordinatere si kazi ya shule peke yake: kuna banki, kuna barua za kazi, kuna pikcha za vitambulisho.

Njia ya nne

Njia ya nne ni kuacha Windows mahali pake, na kuweka Linux pembeni yake. Ukiwasha masini, inakuuliza: leo unaingia wapi? Unachagua. Ni hayo tu.

Wengine wataniuliza: kama Linux ni nzuri hivyo, juu ya nini usifute Windows kabisa? Ni swali zuri, na jibu linatoka kwa kazi zetu. Mhasibu anayefuata sheria za OHADA, ambamo Kongo iliingia mwaka 2012, mara nyingi anafanya hesabu zake kwa programu ya Sage, na ile inataka Windows. Mwanafunzi wa politekniki anachora kwa AutoCAD, na AutoCAD haina toleo la Linux. Mwenye studio anatumia Photoshop, ni vile vile. Tena kuna shefu wa biro mwenye fomu yake ya Excel, yenye vifungo na makro za tangu zamani, ambayo LibreOffice inaifungua kwa shida. Kumwambia mtu wa namna hiyo "acha Windows leo" ni kumnyang'anya jembe.

Lakini tuhesabu saa za siku. Kuandika barua, kusoma PDF, kutafuta kwenye intaneti, kutuma emaili, kuangalia filme: sehemu kubwa ya kazi ya ordinatere haina haja ya Windows hata kidogo. Basi tugawe kazi. Linux itoke nje, kwa intaneti, kwa kle za watu. Windows 10 ibaki nyumbani, wifi imezimwa, ifanye Sage na AutoCAD zake kwa utulivu. Masini isiyoingia mtandaoni, na isiyopokea kle za kila mtu, adui hapati njia nyingi za kuifikia. Pale methali inapokosea ni hapo: sistemu mbili hazishikwi kwa mkono mmoja kwa wakati mmoja. Moja ikifanya kazi, ingine imelala.

Linux si kitu cha jana, wala si kitu cha maskini. Ilianza mwaka 1991 kwa mikono ya Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 kule Helsinki, Finlande. Leo ndiyo iko ndani ya kila telefone ya Android mnayoshika mkononi, na tangu 2017 ordinatere 500 zenye nguvu kupita zote duniani zinatumia Linux. Ubuntu, moja ya matoleo yake yanayojulikana sana, ilianzishwa mwaka 2004 na mtu wa Afrika ya Kusini, Mark Shuttleworth. Jina lake sisi hatuna haja ya kutafsiriwa: ni utu, ni bumuntu.

Tena kuna hesabu ya mega. Linux Mint, toleo ninaloshauri kwa wenye kuanza, inakuja kwa fishie moja ya Giga 3 hivi. Ni mingi kwa forfe ya mtu mmoja. Lakini mmoja akiipakua, anaweza kuipa darasa zima kwa kle, na hakuna askari wala kampuni ya kumuuliza. Sheria ya Linux yenyewe inaruhusu kugawa. Kwa mara moja, kukopia si wizi.

Parseli moja, nyumba mbili

Namna ya kufanya tuieleze kwa mfano wa kwetu. Disiki ya ordinatere ni parseli. Windows iliponunuliwa ilijenga ukuta parseli nzima, ikajifanya mwenyewe peke yake. Kazi yetu ni kuisogeza upande mmoja, kujenga nyumba ya pili, na kuweka santineli mmoja kwa lango. Santineli huyo anaitwa GRUB: ndiye anayeuliza kila asubuhi, "unakwenda kwa nani?"

Kabla ya kugusa ukuta wowote, toa kopi ya kazi zako zote, uziweke kwa disiki ya nje. Hilo halina mjadala. Mwenye kukuambia "usiogope, haitaharibika" hatakulipa ikiharibika.

Pili, angalia umeme. Kusogeza ukuta wa disiki kunaweza kuchukua dakika mingi, na SNEL haiombi ruhusa ikitaka kukata. Ikiwa masini ni ya kubeba, batri iwe imejaa na iwe nzima kweli. Ikiwa ni ya mezani, tafuta ondulere ama ngoja siku ya jeneretere. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, parseli inaweza kupoteza mipaka yake yote.

Tatu, ndani ya Windows yenyewe, zima ile hali ya "démarrage rapide". Windows ikiwa na hali hiyo hailali kabisa, inasinzia tu, na Linux inakuta nyumba imefungwa kwa ndani: inaweza kusoma dosie za Windows lakini si kuandika. Kama disiki imefungwa kwa BitLocker, andika kwanza kwa karatasi ule ufunguo wa tarakimu 48. Ukibadilisha namna masini inavyowaka, Windows inaweza kuudai, na asiyekuwa nao anabaki nje ya nyumba yake mwenyewe. Kisha fungua "Gestion des disques", upunguze kipande cha Windows. Linux Mint inaweza kuishi kwa Giga 20, lakini ikipata Giga 100 inapumua. Kumbukumbu, Giga 2 inatosha kuanza, Giga 4 ni raha.

Nne, tengeneza kle ya Giga 8 kwa programu kama Rufus, zima masini, iwashe kwa kle hiyo. Kwa Dell na Lenovo ni kubofya F12, kwa HP ni F9. Linux itawaka kutoka kwa kle bila kugusa disiki. Hapo usikimbilie. Jaribu wifi, jaribu sauti, jaribu emprimante. Ikiwa wifi haiendi, heri ujue sasa kuliko baadaye.

Mwisho, ndipo bofya "installer". Masini itauliza swali moja lenye hatari kupita yote. Jibu moja linasema "à côté de Windows". Lingine linasema "effacer le disque". La kwanza linajenga nyumba ya pili. La pili linabomoa parseli nzima, na halirudi nyuma. Soma mara mbili, mwite mtu asome pamoja nawe.

Kanuni moja zaidi: Windows huwekwa kwanza, Linux nyuma. Ukigeuza, Windows inafukuza santineli na kusimama yenyewe langoni. Nyumba ya pili bado ipo, lakini njia ya kuiingia imefichwa.

Yale yanayosemwa dhidi yake

Sitaki kuuza dawa ya magonjwa yote kama wale wa kwenye basi. Kuna matatizo, na ya kweli.

Mwezi wa nane 2024, matengenezo moja ya Windows yalizuia Linux kuwaka kwa watu wengi duniani waliokuwa na sistemu mbili. Hawakupoteza kazi zao, lakini walihangaika. Hiyo ni sababu ya kuwa na kle ya Linux kwa mtoto wa meza siku zote, kama vile mtu anavyotunza ufunguo wa pili wa nyumba. Ni sababu nyingine tena ya kutoacha Windows izururezurure mtandaoni.

Kuna ile shida ya saa, ambayo inachekesha. Windows inasoma saa ya ndani ya masini kama saa ya mahali, Linux inaisoma kama saa ya dunia. Ukitoka Linux ukaingia Windows, Lubumbashi ama Goma utakuta uko nyuma kwa saa mbili. Kinshasa, saa moja. Si uchawi, si batri mbaya. Kwa Linux unaandika mara moja amri "timedatectl set-local-rtc 1", na maneno yanaisha.

Wanasema pia kwamba watu wazima wa biro hawatajifunza. Polisi ya Ufaransa wanayoita gendarmerie ilianza kuhamia Ubuntu mwaka 2008, na leo ina makumi ya maelfu ya masini zinazotumia sistemu hiyo. Gendarme wa kijijini kule si mwana-enformatiki. Alionyeshwa, akajifunza. Mama wa sekretaria yetu anayepigisha kurasa hamsini kwa siku bila kuangalia kibodi hashindwi naye.

Neno zito zaidi ni la wale wanaosema: nani atasaidia ikiharibika? Kila kona iko na kijana wa Windows. Wa Linux haonekani. Ni kweli. Lakini haonekani kwa sababu hatujamfundisha. Na hapo ndipo lawama yangu inapokwenda.

Tunaomba nini

Inchi yetu iko na Kodi ya Numeriki tangu mwezi wa tatu 2023. Ni sheria nene yenye maneno makubwa. Lakini kuna wanafunzi wanaomaliza miaka mitatu ya enformatiki bila kuweka sistemu moja kwa mkono wao, kwa sababu sale ya mashini iko na ordinatere tano kwa watu mia, na profesere anachora disiki kwa ubao. Sistemu mbili kwa masini moja ni zoezi ambalo halina haja ya kununua kitu. Masini ile ile, kle moja, asubuhi moja. Mwanafunzi anajifunza disiki ni nini, masini inawaka namna gani, kopi ya akiba inatolewa vipi. Akitoka pale ameshika ujuzi ambao makampuni ya migodi na ya telefone yanautafuta, kwa sababu serveri zao nyingi zinatembea na Linux. Iwe zoezi la lazima kwa mwaka wa kwanza.

Kwa wauzaji wa okazioni, tunaomba kitu kidogo. Badala ya kuuza masini yenye Windows ya krake, uzeni masini yenye sistemu mbili, na mumwonyeshe mteja kwa dakika kumi. Mtapata jina zuri, na mteja hatarudi kila wiki kulia virusi. Wenye kuweka sistemu kwa malipo, bei yenu ni halali: Linux ni ya bure, mikono yenu si ya bure.

Kwa wakubwa wa biro, misioni na shule za sekondari: msibadilishe masini zote kwa siku moja. Chukueni moja, ile inayotumika sana kwa intaneti na kwa kle za watu. Muiwekee Linux pembeni ya Windows, muiangalie kwa miezi mitatu. Mwenye kushindwa kitu atarudi upande wa Windows kwa dakika mbili. Huo ndio uzuri wa sistemu mbili: haumlazimishi mtu kuruka mto kwa mara moja.

Na kwako msomaji uliye na masini ya kizazi cha 5 pale mezani, ambayo umeambiwa ni takataka: usiiuze wiki hii. Tafuta disiki ya kopi, tafuta kle, tafuta kijana mmoja mwenye subira, mngoje siku umeme uko. Nyongeza ya Microsoft inaisha tarehe 13 Oktoba 2026.